Sato 1,400 wamekufa usiku mmoja, kambare hata mmoja hajafa: sumu au hewa?

#1 Mfugaji wa Magu
Wakuu, salaam. Leo sina mbwembwe, nina machungu.

Nina bwawa la udongo huku Magu, mita 20 kwa 30, maji yananifika kifuani. Ndani nilikuwa na sato 1,800 wa miezi mitano na kambare 60 wa kula vile vifaranga vinavyozaliwa ovyo. Wiki iliyopita tulikaa siku tatu hatujaona jua, mawingu tu. Jumamosi usiku ikapiga mvua ya upepo. Saa 11 alfajiri kijana wangu wa bwawani ananipigia: "Bosi, njoo, maji yamekuwa meupe." Nikadhani povu. Kufika, ni matumbo ya samaki. Tumehesabu 1,400 na ushee. Kambare wote wazima, wanakatiza katikati ya maiti kama hakuna kilichotokea.

Sasa hapo juu ya bwawa kuna shamba la pamba la jirani, na Alhamisi alikuwa anapulizia dawa. Mke wangu anasema ni jirani. Mama anasema ni kijicho cha watu, nitafute mzee. Mimi kabla sijaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji kumshtaki mtu nimeona nije kwenu. Nini kinaua sato 1,400 na kuacha kambare?

#2 Bin Kidagaa
Siti ya mbele nimeshakamata. Pole mkuu. Swali la haraka: hao 1,400 mmewazika au mmewakaanga?

#3 Fundi Vizimba
Pole sana ndugu. Kabla hujaenda kwa mwenyekiti nijibu haya: walikufa mdomo wazi au mdomo umefungwa? Walianza wakubwa au wadogo? Maji yalikuwa rangi gani? Vyura walikuwa wanalia usiku ule au kimya? Na jioni ya kabla yake, samaki walikuwa wapi, chini au juu?

#4 Mama Pamba
Maswali ya nini na jibu liko hapo juu yake kwenye mteremko? Mimi nalima pamba mwaka wa kumi na moja. Dawa tunazopulizia, nyingi ni jamii ya pairethroidi. Kwa binadamu na kuku hazitishi sana ila kwa samaki ni kiama, tone tu likiingia majini linatosha. Mvua imepiga, imeosha majani, maji yamefuata mteremko. Nenda kwa mwenyekiti.

#5 Mfugaji wa Magu
@Bin Kidagaa tumewazika, huruma yako nimeiona.

@Fundi Vizimba: midomo wazi karibu wote, na mashavu yametanuka. Waliokufa ni wakubwa, wadogo ndio wengi waliobaki. Maji kijani, mazito kama mlenda, na hiyo rangi ina wiki mbili tatu. (Nilikuwa nimetundika viroba viwili vya mbolea ya kuku kwenye kona ili maji yatengeneze chakula.) Vyura walipiga kelele kama kawaida yao. Jioni ya Jumamosi samaki walikuwa juu, wanachezesha midomo. Nikajua wana njaa, nikawaongezea pumba na mashudu.

#6 Fundi Vizimba
Ukawaongezea pumba. Ndugu yangu.

Wale hawakuwa na njaa, walikuwa wanahema. Maji ya juu kabisa, ule utando unaogusana na upepo, ndiyo yenye angalau hewa kiasi pale kwenye bwawa lenye shida, kwa hiyo samaki anakuja kunyonya hapo. Wewe ukamwaga pumba, pumba ikazama, bakteria wakaanza kuila, na bakteria nao wanataka oksijeni ile ile.

Kwa alama ulizotaja, mimi naweka dau kwenye hewa. Hewa ikipungua wanaanza wakubwa maana mwili mkubwa unadai zaidi, na wanakufa alfajiri, midomo wazi. Sumu huwa haichagui hivyo, mara nyingi vidogo vinatangulia, na utaona samaki anazunguka kama amelewa kabla ya kufa, muda wowote wa mchana. Tena dawa ya wadudu ingefuta na wadudu wa majini.

Kambare sasa. Kambare ana kitu juu ya matamvua yake, kimechanua kama koliflawa, anakuja juu anabugia hewa hii hii tunayovuta sisi. Maji yakiishiwa oksijeni yeye hana habari.

#7 Wakili wa Kijiweni
Mheshimiwa Fundi, upande wa utetezi wa samaki una maswali.

Kwanza, sato ni mmoja wa samaki wagumu tunaofuga. Kwenye maandiko anavumilia hadi chini ya miligramu 1 ya oksijeni kwa lita kwa muda mfupi. Iweje wafe 1,400 kwa usiku mmoja? Pili, kambare kubaki hai hakuthibitishi kitu. Kambare ni mgumu kwa kila jambo, hata sumu inayoua sato yeye anaweza kuivumilia. Shahidi asiyekufa kwa lolote si shahidi. Tatu, dawa imepuliziwa Alhamisi, vifo Jumapili, mvua katikati. Hapo mimi bado niko upande wa Mama Pamba.

#8 Mwalimu wa Zamu
Nifafanue kidogo maana naona "hewa" inatumika kama neno la mtaani.

Lita moja ya hewa tunayovuta ina oksijeni kama miligramu 280. Lita moja ya maji ya nyuzi 25, yaliyoshiba kabisa, ina kama miligramu 8. Yaani samaki anaishi kwenye umaskini wa oksijeni tangu kuzaliwa, na maji yakipata joto zaidi yanabeba pungufu ya hapo. Ndiyo maana upungufu ambao sisi hatuusikii, yeye unamuua.

Ule ukijani ni mimea midogo sana. Mchana inatoa oksijeni mpaka maji yanazidisha. Usiku haitoi, inavuta kama sisi. Mwenye maji ya kijani kama mlenda anamiliki bwawa linalotajirika saa 9 alasiri na kufilisika saa 11 alfajiri, kila siku. Siku za jua linajazia. Siku tatu za mawingu halijazii, linakula akiba. Halafu ikaja mvua ya upepo, ikapoza maji ya juu, yakawa mazito yakazama, yale ya chini yaliyooza yakapanda. Mahali pengine wanasema bwawa limepinduka.

Kipimo cha bure: zamisha mkono, kiganja kimefunguka. Kiganja kikipotea kabla maji hayajafika kwenye kiwiko, ukijani umezidi. Ondoa viroba vya mbolea.

#9 Dada Mkubwa wa Kigogo
Mwalimu umenikumbusha bibi. Alikuwa anatukataza kulala chini ya mwembe usiku, anasema unanyonya pumzi. Kumbe bibi alikuwa mwanasayansi?

#10 Mwalimu wa Zamu
Bibi alikuwa sahihi nusu. Mwembe unavuta oksijeni usiku kweli, ila hewa ya nje ni nyingi mno na inatembea, hutapungukiwa na kitu. Ungekuwa umelala chini ya mwembe ndani ya bwawa la Magu, bibi angekuwa sahihi moja kwa moja.

#11 Bin Kidagaa
Bibi alikuwa anazuia mambo mengine chini ya mwembe, wala si oksijeni. Endeleeni.

#12 Mkurya Mpole
Mnatuletea tena hadithi ya hewa? Sisi wa Mara tulishaisikia. Machi 2022 samaki wamekufa Mto Mara, maji yamekuwa meusi yananuka, watu wa kuanzia Tarime mpaka Butiama tumezuiwa kuyatumia. Kamati ya serikali ya Profesa Samuel Manyele ikaja, ikaondoka, ikatuambia ni kinyesi na mkojo wa ng'ombe pamoja na mimea iliyooza, vimemaliza oksijeni. Ng'ombe! Mimi babu yangu kachunga hapo, baba kachunga hapo, ng'ombe wamekunya mtoni miaka yote, samaki hawakufa. Wakati huo mgodi wa dhahabu uko pale pale unatazama. Neno "oksijeni imepungua" ni neno zuri sana la kumaliza kesi.

#13 Mtafiti Asiye na Ruzuku
@Mkurya Mpole hasira yako naielewa, na imani ikishapotea haijengwi na ripoti. Ila usiitupe sayansi kwa sababu ya siasa. Kinyesi kuua samaki Mto Mara si hadithi iliyobuniwa 2022.

Upande wa Kenya, Maasai Mara, kuna viboko zaidi ya 4,000. Usiku wanakula majani nchi kavu, mchana wanashinda mtoni wanajisaidia humo. Waliokokotoa wanasema ni kama tani 36 kwa siku. Kiangazi maji yanapokuwa machache, vile vidimbwi vyao vinageuka mchuzi, chini hakuna oksijeni kabisa. Mvua ya kwanza kubwa ikinyesha juu, mto unasukuma mchuzi wote ule kwa mkupuo kwenda chini, na samaki wanakufa kilomita nyingi mbele. Utafiti ulichapishwa 2018, watu walikuwa na vipimo mtoni, wameona oksijeni ikiporomoka mafuriko yanapopita. Korongo, tai na mamba siku hiyo ni harusi.

Kwa hiyo swali la 2022 halikupaswa kuwa "kinyesi kinaweza?" Kinaweza. Swali ni kama safari ile ndicho kilichofanya.

#14 Mkurya Mpole
Hapo mwisho umeongea. Sasa mbona waliotuambia hawakuongea hivyo? Na Kirumi darajani hao viboko 4,000 mimi sijawaona.

#15 Mtafiti Asiye na Ruzuku
Hujawaona kwa sababu wako juu. Pale Kirumi mto unapita kwenye matete na mafunjo mengi kabla ya kuingia ziwani, na bwawa la matete lenyewe linamaliza oksijeni kwa kuoza bila kusaidiwa na kiboko wala ng'ombe. Lakini siwezi kukusafishia mgodi, sikuwepo na sampuli sikupima.

#16 Bin Kidagaa
Muhtasari hadi sasa: watuhumiwa ni jirani, kijicho, kuku, ng'ombe, kiboko na matete. Pumba bado iko nje kwa dhamana.

#17 Omera wa Winam
Hamjambo jamaa. Mimi ni wa Kisumu, niko na vizimba kwa ziwa, si bwawa. Mnasema bwawa kupinduka, hata ziwa lenyewe hupinduka. Mwishoni mwa 2022 wafugaji wengi hapa Winam walipoteza samaki kwa vizimba, unaamka asubuhi unapata kizimba mzima kimeelea. Upepo ulisukuma maji ya chini yakaja juu, yale hayana oksijeni. Samaki wa ziwa anahepa. Wa kizimba ataenda wapi? Amefungiwa.

Na huko Uganda mwanzo wa 2021 si mliona sangara wakubwa wamejaa ufukweni? Sangara tu. Watu wakasema sumu, wavuvi haramu. Serikali yao ikasema dhoruba imechanganya maji, oksijeni imeshuka, na sangara ndiye hawezi kuvumilia kuliko wengine. Hata hiyo watu walikataa kuamini, kama tu ndugu yetu wa Mara.

Sasa @Fundi, swali: kama sangara hufa kwanza kwa ziwa, na sato ni mgumu, huyu wa Magu bwawa lake lilifika sifuri?

#18 Fundi Vizimba
@Omera ndiyo, au karibu. Sato 1,800 kwa bwawa la mita za mraba 600 bila kipiga maji (mashine ya kuyatia hewa) ni watatu kila mita. Si wengi kupita kiasi, lakini ongeza mbolea ya kuku, ongeza pumba ya Jumamosi jioni, ongeza mawingu. Na @Wakili, kuvumilia miligramu 1 kwa saa moja si kuvumilia usiku kucha.

#19 Mzee Kamongo
Vijana mnasifu kambare, mmesahau kamongo. Kambare anaweza kutumia maji na hewa. Kamongo akishakuwa mkubwa ni lazima aje juu apumue. Ukimzuia kwenye wavu asije juu, anakufa maji, samaki yule. Na bwawa likikauka anajichimbia kwenye tope, anajizungushia ute, analala miezi akisubiri mvua. Nimewahi kuvunja udongo wa tofali nikamkuta ndani. Tulikimbia.

Kwetu wengine hawamli. Mimi namla.

#20 Kilimanjaro Juu
Nimependa uzi. Mimi nataka kupanda mlima Desemba. Nasikia kule juu oksijeni inabaki asilimia 10 tu. Mwalimu, ni kweli? Maana hapa sasa naogopa nitaelea tumbo juu kama sato.

#21 Mpagazi Mstaafu
Hapana, hiyo asilimia 10 mnaambiana vijiweni. Asilimia ni ile ile 21 kasoro kidogo, ufukweni Tanga au Uhuru mita 5,895. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa yenyewe. Kule juu mgandamizo ni kama nusu ya pwani, kwa hiyo kila pumzi unayovuta unapata kama nusu ya mzigo. Matokeo yanafanana ndiyo maana watu wanachanganya.

Nimebeba mizigo miaka 14. Wanaoanguka si wanene wala wazee, ni vijana wenye vifua wanaotaka kufika kwanza. Njia ya Marangu, Mandara mita 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,720, yaani unapanda mita elfu kila siku, na hiyo ni kasi kubwa kwa mwili. Ukipata siku ya ziada Horombo lala, usione unapoteza hela. Kichwa kuuma na kichefuchefu ni kawaida. Mtu akianza kuyumba kama mlevi, au kukohoa povu lenye rangi ya waridi, huko hakuna mjadala wala maombi marefu: mshushe, hata kama ni usiku, hata kama kilele anakiona. Dawa ya mlima ni kushuka.

Ile dawa ya vidonge, Diamox, inakufanya uhemee zaidi usiku na ukojoe sana. Inasaidia kuzoea, haikupi ruhusa ya kukimbia.

Siku moja mgeni wetu kwenye kipimo cha kidole, kile cha oksijeni ya damu, alisoma asilimia 71, anacheka, anasema yuko sawa. Aliyekuwa naye hemani alisoma 84, anatapika. Mpaka leo sijaelewa.

#22 Nesi wa Usiku
@Mpagazi, huyo wa 71 anayecheka tulimwona sana wakati wa korona. Mtu anaingia wodini anaongea na simu, unamwekea kipimo unasoma 70 na kitu. Mwili unakuamuru uhemee hasa kwa sababu ya kaboni dayoksaidi kurundikana, na oksijeni ikishuka polepole wakati kaboni dayoksaidi inatoka vizuri, kengele inaweza isilie.

Ila na kipimo chenyewe kisiabudiwe. Kinapitisha mwanga kidoleni na kukisia. Mkono wa baridi, kinakosea. Rangi ya kucha, kinakosea. Bibi harusi mwenye piko nyeusi vidoleni, unaweza usipate namba kabisa, hamia sikioni. Na utafiti wa Marekani wa 2020 ulionyesha kwa wagonjwa weusi kipimo kinaficha upungufu mara nyingi zaidi, karibu mara tatu ukilinganisha na weupe. Kidole cheusi kinasoma 93, damu yenyewe ina chini ya 88. Sisi ndio wenye vidole hivyo, mkumbuke.

Kawaida ni 95 kwenda juu kwa walioko bondeni. Chini ya 90 tafuta oksijeni, usitafute ushauri mtandaoni.

#23 Wakili wa Kijiweni
Nesi, umetuvunjia hata shahidi wa kidole.

#24 Dada wa SS
Niongeze kuhusu selimundu maana huku kanda ya ziwa tuko wengi. Mdogo wangu ana selimundu. Chembe zake za damu zikikosa oksijeni ya kutosha zinajikunja kama mundu, zinaziba mishipa, ndipo maumivu yanapoanza. Shule ikapeleka watoto kutembea milimani, sikuwa na habari. Alirudi amebebwa. Kwa hiyo @Kilimanjaro Juu, kama hujui hali yako pima kwanza, na mwambie daktari unakwenda wapi.

#25 Kilimanjaro Juu
Asante dada, nitapima. Pole kwa mdogo wako.

#26 Muchanga wa Goma
Jambo yenu bandugu. Mimi niko Goma, nitajaribu kuandika Kiswahili yenu.

Huku kwetu kuna kitu tunaita mazuku. Ni hewa mbaya inatoka chini ya udongo, sababu ya volkano. Inakaa fasi za chini, kwa mashimo, kwa mabonde madogo, hasa asubuhi wakati hakuna upepo. Huioni. Mbuzi anaingia kula majani, hatoki. Mutoto anafuata mbuzi. Baba anafuata mutoto. Tumezika watu hivyo. Mutu mukubwa akisimama anaweza kupita salama, mbwa yake inaanguka sababu pua iko chini.

Wazee walisema ni pepo. Wenye kusoma wanasema ni kaboni dayoksaidi, nzito kuliko hewa, inajaza shimo kama maji. Na ndani ya Ziwa Kivu chini kabisa iko nyingi sana, na metani pia. Rwanda wanatoa ile metani wanafanya umeme. Sisi tunaomba Mungu ziwa lisipinduke kama bwawa la ndugu wa Magu. Kule Kameruni, Ziwa Nyos, Agosti 1986, lilipinduka usiku na watu zaidi ya 1,700 hawakuamka.

#27 Mwalimu wa Zamu
Huu ndio ushuhuda. Neno mazuku limeingia hadi kwenye vitabu vya wanavolkano wa dunia nzima, kwa tahajia hiyo hiyo. Rekebisho dogo tu: mazuku na Nyos si kukosa oksijeni peke yake. Kaboni dayoksaidi ikiwa nyingi ni sumu yenyewe, inazimisha mtu haraka hata kabla oksijeni haijamwishia.

#28 Mzee wa Duara
Kwenye maduara (mashimo) ya dhahabu na visima tunatumia mshumaa. Unashusha na kamba, ukizimika hushuki. Baba yangu alinifundisha, ameokoa watu.

#29 Nesi wa Usiku
@Mzee wa Duara, shikamoo. Mshumaa unazimika oksijeni ikishuka hadi kama asilimia 16 au 17, kwa hiyo unasaidia kwa hilo. Lakini moshi wa pampu ya petroli mliyoishusha shimoni una kaboni monoksaidi, na humo mshumaa unawaka vizuri tu. Hewa ile inang'ang'ania damu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni. Hata kipimo cha kidole kinadanganyika, kinasoma 99 kwa mtu anayekufa. Ndiyo hao hao wa jiko la mkaa chumbani. Na kwenye duara la zamani kunaweza kuwa na gesi nyingine zinazowaka, hapo mshumaa ni kiberiti cha kaburi.

Na anayeanguka shimoni usimfuate bila kamba na hewa. Tunaletewa wawili watatu wa shimo moja.

#30 Mzee wa Duara
Marahaba mwanangu. La pampu tumezika nalo watu wawili. Nimesikia.

#31 Mama Pamba
Mmepanda mlima, mmeshuka Kivu, mmeingia duarani, jirani bado anakunywa chai. Mwenye uzi yuko wapi?

#32 Mfugaji wa Magu
Nipo wakuu, nilikuwa nakimbizana na bwana samaki wa wilaya. Amekuja siku ya nne na kipimo. Saa 11 alfajiri maji yalisoma oksijeni miligramu 1.3 kwa lita. Saa 9 alasiri yakasoma 12. Akanionyesha kile cha mkono mpaka kiwiko, kiganja kilipotea hata kabla ya kifundo cha mkono. Akasema: hewa, ondoa mbolea, badilisha maji nusu.

Lakini. Nilikwenda kwa jirani, kwa heshima tu, na soda mkononi. Akakiri mwenyewe kwamba vijana wake Alhamisi jioni waliosha bomba la dawa kwenye mfereji ule unaopita juu yangu. Anasema maji yalikuwa kidogo, hayakufika. Mvua ya Jumamosi yeye anaizungumziaje? Amenyamaza.

#33 Mama Pamba
NILISEMA.

#34 Wakili wa Kijiweni
Na kipimo cha siku ya nne, waheshimiwa, ni kipimo cha bwawa lililokwisha kuwa na maiti. Umezika uliowaona. Waliozama wanaoza chini, na kuoza kunakula oksijeni. Hiyo 1.3 inaweza kuwa matokeo, si sababu. Ungepeleka samaki watano kwenye barafu maabara Jumapili ile ile.

#35 Fundi Vizimba
12 alasiri haitokani na maiti, inatokana na ukijani. Bwawa linaloruka kutoka 12 hadi 1.3 lilikuwa linangoja siku ya mawingu tu. Na vyura walilia! Wadudu je? Wale wanaoteleza juu ya maji uliwaona Jumapili?

#36 Mfugaji wa Magu
Ndugu yangu, nilikuwa naangalia shilingi zangu zimeelea, nani aangalie wadudu?

#37 Mtafiti Asiye na Ruzuku
Vinaweza kuwa vyote viwili. Samaki aliyeguswa na dawa kidogo matamvua yanaharibika, halafu usiku wa hewa finyu anakuwa wa kwanza kushindwa. Utamshtaki nani hapo, jirani au mawingu?

#38 Mkurya Mpole
Karibuni Mara, tunalo swali hilo hilo, kubwa zaidi.

#39 Bin Kidagaa
Mkuu mwenye uzi, wale kambare 60 si wamekula sato wa bure wiki nzima? Watakuwa wamenona. Unauzaje kilo?

#40 Mfugaji wa Magu
Wamenona kweli. Elfu nane kilo, njoo uchukue.

#41 Bin Kidagaa
Nakuja Jumamosi. Ila ngoja kwanza Fundi na Mama Pamba wamalizane, nijue kama nakula samaki aliyeshiba au aliyelishwa dawa.

#42 Mama Pamba
Kula tu. Fundi anasema ni hewa, si ndiyo? Aanze yeye.

#43 Fundi Vizimba
Mimi kambare huwa sili.